Blaise Pascal na uzito wa hewa

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont, nchi ya Ufaransa. Mama yake alifariki akimwacha angali mdogo sana, naye baba yake akamlea na kumfundisha mwenyewe nyumbani. Mtoto huyo aliuliza sababu ya kila kitu. Siku moja mezani mtu aligonga sahani kwa kisu, ikalia. Kisha akaigusa kwa mkono, na mara sauti ikakoma. Wengine waliendelea kula. Blaise alianza kugonga vitu vingi, apate kujua sauti inatoka wapi.

Siku zile wenye elimu walifuata mafundisho ya kale, ya kwamba maumbile yanachukia utupu. Ndiyo sababu, walisema, maji hupanda ndani ya mrija mtu avutapo. Lakini mwaka 1644 Mwitalia Torricelli alieleza jambo la ajabu. Bomba la kioo lililozibwa upande mmoja lilijazwa zebaki, likapinduliwa ndani ya bakuli lenye zebaki. Zebaki ikashuka kidogo, ikasimama kwenye sentimita 76 hivi, na juu yake pakabaki patupu. Torricelli alisema kwamba hewa ina uzito, nayo ndiyo inayoishikilia zebaki isishuke. Wengi hawakusadiki.

Pascal hakufanya haraka kuyaacha mafundisho ya wazee, wala hakuyashika kwa sababu ya sifa zao tu. Alitafuta jaribio la kukata shauri. Aliwaza hivi: kama hewa inalemea, basi juu ya mlima hewa imepungua, na zebaki lazima ishuke. Lakini kama maumbile yanachukia utupu, je, chuki hiyo ipungue mlimani?

Karibu na Clermont upo mlima Puy de Dôme, wenye urefu wa mita 1465. Pascal alikuwa Paris, mwili wake dhaifu. Akamwomba shemeji yake, Florin Périer, aupande. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer na mapadre na watu wengine wa mji walikusanyika katika bustani ya watawa. Walipima mabomba mawili, yakawa sawasawa. Moja liliachwa pale, na mtawa mmoja akaliangalia mchana kutwa. La pili lilipelekwa kileleni. Huko zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8! Périer alirudia kupima mara tano: ndani ya kikanisa na nje, penye upepo na penye ukungu. Jibu likawa lile lile. Waliporudi bustanini, bomba la kwanza lilikuwa halikubadilika hata kidogo, na la pili likarudia kipimo chake cha asubuhi.

Basi ikajulikana. Mtu anywaye pombe kwa mrija huondoa hewa mrijani, na hewa ya nje, kwa uzito wake, huisukuma pombe mpaka kinywani.

Pascal alionyesha pia kwamba kimiminiko kilichofungiwa kikisukumwa, nguvu huenea pande zote sawasawa. Breki za motokari zafanya kazi kwa sheria hiyo.

Katika siku zake za mwisho alikaribisha maskini na jamaa yake nyumbani mwake. Mtoto wao akapatwa na ndui. Pascal mwenyewe alikuwa mgonjwa, na dada yake aliyemwuguza alikuwa na watoto wa kuogopewa. Ilifaa mtoto yule aondolewe, Pascal hakukubali. Aliondoka yeye katika nyumba yake, mtoto asisumbuliwe. Hakurudi tena: alifariki tarehe 19 Agosti 1662, mwenye miaka 39.

Hata leo wanafunzi wa sekondari waanzao fizika hulikuta jina lake, kwa kuwa mgandamizo hupimwa kwa paskali. Hujifunza pia njia yake: kuuliza sababu, kupima, kurudia kupima, na kuipokea kweli ijapo.