Kaisari Augusto na pete yake ya muhuri

Wengi wenu mnalijua jina la Kaisari Augusto kutoka Injili ya Luka, pale inaposimuliwa kwamba alitoa amri watu waandikishwe. Amri ya namna hiyo ilitoka Roma ikasafiri majuma mengi kwa farasi na kwa merikebu. Aliyeipokea huko mbali alijuaje kwamba kweli imetoka kwa Kaisari? Hapakuwa na simu ya kupiga kuuliza. Alichotazama ni alama iliyogandamizwa kwenye nta kwa pete. Leo tunayafuata maisha ya mtawala huyo kupitia pete zake.

Kwanza tuieleze pete yenyewe. Juu yake palikuwa na jiwe dogo, mara nyingi la jamii ya akiki, na juu ya jiwe hilo fundi alichonga picha. Chuma peke yake hakiwezi kuikwaruza akiki, kwa hiyo fundi alitumia keekee nyembamba pamoja na mafuta na unga wa jiwe gumu zaidi, akichimba kidogo kidogo. Picha ilizama ndani ya jiwe, na ilichongwa kinyume, kama sura inavyoonekana kwenye kioo, ili ikibonyezwa itoke sawasawa. Barua ilikunjwa, ikafungwa kwa uzi, kisha nta au udongo laini ukawekwa na pete ikagandamizwa hapo. Waroma waliyapenda mawe ya aina hii kwa sababu nta haiyang'ang'anii. Aliyeshika pete ya mwenzake aliweza kuandika kwa jina lake na kuamuru kwa jina lake, kama leo mtu anayeshika simu yako huku anaijua namba yako ya siri.

Augusto alizaliwa Roma tarehe 23 Septemba mwaka 63 Kabla ya Kristo, akaitwa Gaius Octavius. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minne. Mama yake, Atia, alikuwa mtoto wa dada yake Julius Caesar. Caesar alipouawa mwezi Machi mwaka 44, kijana huyu alikuwa na miaka 18, yupo masomoni Apollonia, katika nchi inayoitwa leo Albania. Wosia ulipofunguliwa ilionekana kwamba Caesar amemfanya mwanawe na mrithi wake mkuu. Alirudi, akalichukua jina la Caesar, na kuingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mama yake alifariki mwaka uliofuata. Mwandishi Mroma Plinius anasimulia kwamba kati ya pete za mama huyo, kijana alikuta mihuri miwili yenye picha ya sfinksi, yaani mnyama wa hadithi mwenye mwili wa simba na uso wa mwanamke. Ilifanana kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuitofautisha. Mmoja aliutumia yeye. Wa pili, alipokuwa vitani, ulibaki Roma kwa marafiki zake ili wapige muhuri kwa jina lake mambo yasiyoweza kusubiri.

Waliopewa imani hiyo zaidi ni wawili: Agrippa, jemadari wake, na Maecenas, tajiri ambaye hakuwa hata na cheo serikalini. Barua ambazo mkuu wao aliziandikia Seneti zilipitia kwanza kwao. Waliruhusiwa kuzifungua, kuzisoma, kubadilisha walichoona kinafaa, kisha kuzifunga upya kwa sfinksi. Maseneta walikaa wakisikiliza, wasijue mkono wa mwisho kugusa maneno yale ulikuwa wa nani. Kwa maoni yetu, kumpa mtu jeshi ni jambo dogo kuliko kumpa pete ya namna hii.

Watu wa Roma walitania. Katika hadithi za Wayunani sfinksi ndiye mtega vitendawili, kwa hiyo walisema kila barua yenye muhuri ule huja na kitendawili chake. Muhuri wa Maecenas mwenyewe ulikuwa na picha ya chura, na huyo hakuchekesha mtu, maana barua yenye chura kwa kawaida ilidai mchango wa fedha.

Mtu huyu aliyeilinda hivyo mihuri yake hakuiheshimu sana ya wengine. Mwaka 32 aligombana na mshirika wake Marcus Antonius, aliyekuwa Misri na malkia Cleopatra. Wosia wa Antonius ulihifadhiwa Roma na mabikira waliotunza moto wa mungu wao Vesta. Walikataa kuutoa. Alikwenda mwenyewe akauchukua, akausoma peke yake kwanza, kisha mbele ya Seneti, akikazia pale Antonius alipotaka azikwe Misri kando ya Cleopatra. Roma ikakasirika. Mwaka uliofuata Antonius alishindwa katika vita vya baharini huko Actium.

Alipoingia Alexandria mwaka 30, mshindi aliomba kuonyeshwa maiti ya Alexander Mkuu, akaiwekea taji la dhahabu na maua. Mwaka 27 Seneti ilimpa jina la Augusto. Baadaye aliiacha sfinksi na maneno ya watani, akatumia muhuri wenye sura ya Alexander.

Mwaka 23 aliugua sana, na wote waliokuwa karibu naye waliamini kwamba anakufa. Watu walitazamia amtaje Marcellus, mpwa na mkwe wake. Hakumtaja yeyote. Balozi mwenzake, Piso, alimkabidhi maandishi yenye hesabu za majeshi na mapato. Pete aliivua akampa Agrippa. Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Kisha tabibu Antonius Musa akamtibu kwa maji baridi, mgonjwa akapona, naye Marcellus akafa mwaka huohuo.

Muhuri wake wa mwisho ulikuwa na sura yake mwenyewe, kazi ya Dioscurides, fundi mashuhuri kuliko wote wa wakati ule. Wana watatu wa fundi huyo walirithi ufundi wake, na vito vyenye majina yao vimebaki mpaka leo.

Hata hivyo Augusto alijua kwamba nta haizuii ulimi. Katibu wake Thallus alipouza siri ya barua kwa denari 500, zaidi ya mshahara wa askari wa miaka miwili, aliamuru avunjwe miguu. Barua zake zote aliziandika hata saa zilipotolewa, iwe mchana au usiku.

Alifariki Nola, kusini mwa Roma, tarehe 19 Agosti mwaka 14 Baada ya Kristo. Watawala waliomfuata waliendelea kupiga muhuri kwa sura yake. Galba, aliyetwaa madaraka mwaka 68, aliuweka kando akatumia wa mababu zake, wenye picha ya mbwa akichungulia kutoka omo ya merikebu. Aliuawa mwezi Januari mwaka uliofuata.