Joseph Bazalgette, enjenia aliyejengea watu ambao hawajazaliwa

Wakaaji wa Goma ao Uvira hawahitaji kuelezwa kolera ni nini. Lakini katikati ya miaka ya 1800, muji uliokuwa unaiogopa hivyo ulikuwa London, kule Uingereza.

Joseph Bazalgette alizaliwa mwaka wa 1819 huko Enfield, pembeni ya London. Akiwa kijana alitumika sana katika kazi za reli mupaka afya yake ikaharibika. Wakati huo London ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2, na uchafu wa vyoo ulikuwa unaingia katika muto Thames. Muto ule ule ndio watu wengi walikuwa wanakunywa. Katika miaka ya 1848 na 1849 peke yake, kolera iliua watu zaidi ya 14.000. Muganga John Snow alionyesha kwamba ugonjwa unapitia katika maji, lakini wakubwa walishikilia kwamba ni harufu mbaya ndiyo inaua.

Mwaka wa 1856 Bazalgette akawekwa enjenia mukubwa wa komiti ya kazi za muji. Mupango wa mifereji alikuwa nao, lakini waliurudisha mara kwa mara, juu ya feza na juu ya mahali uchafu utamwangwa. Kisha ikafika joto la mwaka wa 1858. Muto ulinuka mupaka wabunge, wenye nyumba yao iko palepale pembeni ya maji, wakalowesha mapazia yao katika dawa ya chokaa. Katika majuma machache tu sheria ikapita. Ni vile: harufu ikifika kwa mukubwa, feza zinaonekana.

Alijenga kilometa 132 za mifereji mikubwa chini ya ardhi, kwa matofali milioni 318. Mifereji iliinamishwa kidogo ili uchafu ujitelemukie wenyewe. Mahali pa chini sana, mitambo ya moshi iliupandisha. Simenti ilipimwa kabla ya kutumiwa. Na upana hakuupima kwa watu aliowaona tu: alihesabu kwamba muji utaongezeka, akachimba kwa ajili ya hao pia.

Mwaka wa 1866 kolera ikarudi. Iliua maelfu ya watu upande wa mashariki wa muji, mahali mifereji ilikuwa haijaanza kazi. Kwingine haikushika sana. Hapo wenye kubisha walinyamaza.

Kosa lilikuwako. Uchafu haukusafishwa, ulipelekwa tu chini ya muji na kumwangwa mutoni. Mwaka wa 1878 meli Princess Alice ilizama karibu na pale, watu zaidi ya 600 wakakufa, na wengi walisema maji machafu yaliongeza vifo. Kisha ndipo wakaanza kuusafisha.

Bazalgette alikufa mwaka wa 1891. Mifereji yake ingali inatumika, muji ukiwa sasa na watu karibu milioni 9. Lakini mvua ikinyesha ilikuwa inafurika, kwa hiyo wakachimba tunele mupya wa kilometa 25 chini ya Thames. Uliunganishwa wote mwaka wa 2025.