Gregorio Mkuu na Mahekalu ya Waingereza

Gregorio, ambaye Kanisa humwita Mkuu, alizaliwa Roma yapata mwaka 540, katika nyumba ya watu wenye mali na heshima. Alishika kwanza cheo cha liwali wa mji ule. Kisha akakiacha, akaigeuza nyumba ya baba yake kuwa nyumba ya watawa, akakaa humo katika kusali na kusoma. Mwaka 590 tauni ilimwua Pelagio, Askofu wa Roma, na watu wakamchagua Gregorio kushika mahali pake, ingawa moyo wake haukupenda.

Wengi wetu tumesikia habari za vijana wa Kiingereza waliouzwa sokoni Roma, na jinsi Gregorio alivyowahurumia. Habari hii ilipokewa vinywani mwa wazee, nami siitegemei sana. Lililo hakika ni kwamba mwaka 596 alimtuma Augustino, msimamizi wa nyumba yake ya watawa, aende Uingereza pamoja na wenziwe. Njiani wakaingiwa na hofu, maana waliambiwa kwamba watu wale ni wakali, wala lugha yao hawaijui. Augustino akarudi Roma kuomba ruhusa ya kuacha safari, Gregorio hakumpa. Basi mwaka 597 wakafika Kent, watu kama arobaini. Mfalme Ethelbert akawapokea kwa adabu, kwa kuwa mkewe, Bertha, alikuwa Mkristo tangu kwao. Baadaye mfalme naye akabatizwa, na watu wake wengi wakamfuata.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Augustino alikuwa amelelewa katika nyumba moja tu, na desturi za nyumba ile zilikuwa kwake kama sehemu ya Injili. Alipopita nchi ya Wafranki aliona ibada ikifanyika kwa namna nyingine, akafadhaika, akamwuliza mwalimu wake imekuwaje imani iwe moja na desturi ziwe mbali mbali. Gregorio akamjibu kwamba desturi ya Roma aliijua kwa sababu ndiyo iliyomlea, lakini asifungwe nayo. Lo lote atakaloliona jema, la Roma au la Wafranki au la kanisa jingine, alikusanye na kuwapa Waingereza. Ni ajabu kwamba Askofu wa Roma mwenyewe alisema neno hili.

Mwaka 601 Gregorio akapeleka wajumbe wengine, mmoja wao Mellitus, pamoja na waraka kwa mfalme. Katika waraka ule alimwamuru Ethelbert ayabomoe mahekalu ya sanamu. Lakini wajumbe walipokwisha kuondoka, moyo wake haukutulia. Akafikiri siku nyingi, kisha akatuma waraka mwingine umfuate Mellitus njiani. Huu wa pili uligeuza neno la kwanza: sanamu ziharibiwe, lakini majengo yaachwe kama ni imara, yatakaswe, yawekwe madhabahu. Tena watu waliozoea kuchinja ng'ombe kwa ajili ya pepo wasinyimwe karamu yao; siku ya kuadhimisha kanisa wajenge vibanda vya matawi kando yake, wachinje na kula huku wakimshukuru Mungu. Sababu aliyotoa ni kwamba mtu apandaye mlima mrefu huenda hatua kwa hatua, wala haruki. Hata Waisraeli walipotoka Misri waliachiwa kutoa sadaka, ila aliyetolewa sadaka ndiye aliyebadilika.

Mimi husoma habari hii kwa aibu kidogo. Nilipokuwa mwinjilisti kijana nilimzuia mzee mmoja asisome Neno mbele ya usharika kwa kuwa amejitanda shuka lake, wala hana koti. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno kwamba koti ni agizo la Bwana. Nililiona tu kwa walimu wangu, nikalifanya sheria. Mzee yule alikaa chini bila kunijibu, na tangu siku ile hakukubali kusoma tena.

Lakini tusimfanye Gregorio kuwa mtu asiyekosa. Katika waraka ule ule aliagiza masalia ya watakatifu yawekwe makanisani, nasi hatuwezi kumfuata huko. Katika kitabu chake cha Mazungumzo alisimulia habari za roho zinazotakaswa kwa moto baada ya kufa, wala hakuona kwamba mambo haya nayo yalihitaji kupimwa kwa Neno kama alivyozipima desturi za wengine. Ibada nayo ikabaki katika Kilatini, ambacho watu wa Kent hawakukifahamu.

Mwanafunzi wake hakulishika lile shauri jema. Yapata mwaka 603 Augustino alikutana na maaskofu wa Wabritoni, watu walioamini zamani kabla yake. Akawataka wafuate hesabu ya Roma kwa siku ya Pasaka, na namna ya Roma ya kubatiza. Mtawa mmoja mwenye hekima alikuwa amewashauri wamtazame kama atasimama kuwapokea, maana hivyo watamjua kama ni mnyenyekevu. Augustino akabaki amekaa kitini. Wakakataa kila neno lake, na ugomvi ule ukadumu miaka mingi.

Gregorio alikufa tarehe 12 Machi 604. Katika nchi ya Waangli wa mashariki alitawala Redwald, aliyebatizwa Kent. Aliporudi kwao, mkewe na washauri wake wakamgeuza moyo, akaweka ndani ya hekalu moja madhabahu ya Kristo, na kando yake nyingine ndogo ya kuwatolea pepo sadaka. Beda, aliyeandika mambo haya mwaka 731, asema kwamba Aldwulf, mfalme wa baadaye wa nchi ile, alishuhudia kwamba hekalu lile lilikuwapo bado, naye aliliona utotoni mwake.