Karl Schmidt: Mtaalamu wa nyoka aliyedhani amepona

Karl Patterson Schmidt alizaliwa mwaka 1890 huko Lake Forest, karibu na Chicago, Marekani. Maisha yake ya kazi aliyatumia kuchunguza nyoka, mijusi na vyura. Mwaka 1922 alijiunga na makumbusho ya Chicago, na baadaye akawa mkuu wa idara ya wanyama hapo. Katika zama zake, watu wachache waliwajua nyoka kama yeye.

Tunamkumbuka leo kwa sababu ya siku yake ya mwisho, ambayo ina funzo kwa kila anayeishi karibu na miti na mashamba.

Tarehe 25 Septemba 1957, Schmidt alikuwa amestaafu lakini bado akifanya utafiti. Bustani ya wanyama ya jijini ilileta nyoka mchanga kutoka Afrika, asiyefika urefu wa mita 1, ili atambuliwe. Alikuwa boomslang, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye hata Kenya na Tanzania yupo. Schmidt alipomshika, aliumwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Ni jino moja tu lililoingia barabara.

Jeraha lilikuwa dogo, na wakati ule wengi walidhani nyoka mwenye meno ya sumu nyuma ya mdomo hawezi kumuua mtu mzima. Schmidt hakwenda hospitali. Alipanda treni kurudi nyumbani, akawa anaandika anavyojisikia: kichefuchefu, baridi, homa, kisha damu kwenye ufizi. Usiku alikojoa damu.

Asubuhi alijiona nafuu. Alipata kifungua kinywa, akapiga simu kazini kusema atarudi karibuni. Baada ya chakula cha mchana alitapika, akashindwa kupumua vizuri, na saa 9 alasiri alikuwa ameshafariki. Madaktari walikuta damu imevuja kwenye mapafu, figo na ubongo.

Kwa nini alipata nafuu kisha akafa? Sumu ya boomslang hufanya kazi polepole. Inatumia vile vitu vinavyogandisha damu mpaka viishe mwilini. Kwa saa nyingi mgonjwa anaweza kutembea, kula na kuzungumza, huku damu ikivuja ndani bila yeye kuiona. Dawa maalumu ya sumu hiyo hutengenezwa Afrika Kusini, na dawa ya kawaida ya sumu za nyoka wengine haimsaidii aliyeumwa na boomslang.

Kwa hiyo, msikilizaji wetu, maumivu kupungua si kupona. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala jeraha lisinyonywe. Atulie, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali haraka. Huko wahudumu wanaweza kuweka damu kidogo kwenye chupa safi ya kioo kwa dakika 20 waone kama inaganda, kisha wakarudia kipimo hicho baadaye.

Mgonjwa akubali kukaa chini ya uangalizi angalau saa 24, hata akijiona mzima. Akiisharuhusiwa kurudi nyumbani, arudi hospitali mara moja akiona damu kwenye ufizi, mkojo mwekundu au choo cheusi, akipata maumivu makali ya kichwa, au jeraha likianza kuvimba upya na kutoa usaha.