Maria Montessori na chumba kinachofundisha

Wanaosoma ualimu kitivoni kwetu hukutana na jina la Maria Montessori mapema, hulikariri kama jina la mbinu, kisha hulisahau baada ya mtihani. Mimi nataka kusimulia maisha yake, kwa sababu yanagusa swali linalorudi kila matokeo yanapobandikwa ukutani: wanafunzi wengi wanapofeli kwa pamoja, tutafute sababu wapi? Wengine husema vijana ni wavivu, wengine huwalaumu walimu. Mama huyu alianza kwa kuangalia chumba.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, mji mdogo wa Italia karibu na Ancona. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, na mama yake alipenda vitabu. Familia ilihamia Roma, na Maria alipofika umri wa miaka 13 akaingia shule ya ufundi, mahali ambapo wasichana walikuwa wa kuhesabu. Baadaye akataka kuwa daktari. Chuo Kikuu cha Roma kilimpokea, lakini kumbi zake hazikuandaliwa kwa ajili ya mwanamke. Ilihesabiwa ni aibu mwanamke apasue maiti mbele ya wanaume, kwa hiyo alifanya kazi hiyo peke yake, wenzake wakiisha kuondoka. Alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1896. Naamini miaka ile ilimwonyesha kwamba mtu mwenye akili nzuri anaweza kuonekana dhaifu kwa sababu tu amefungiwa mlango.

Kazi ilimpeleka katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu. Akawa anatembelea majumba ambamo watoto waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili walifungiwa bila kitu cha kushika, kupanga wala kuchezea. Hapo ndipo alipoanza kusoma kazi za Itard na Séguin, Wafaransa wawili waliowafundisha watoto wa namna hiyo kwa vitu vya kugusa kwa mikono. Mwaka 1900 akawa mmoja wa wakuu wa shule iliyofunguliwa Roma kwa ajili yao. Baadhi ya watoto hao walijifunza kusoma na kuandika, wakafanya mtihani wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walimpongeza. Yeye alibaki na wasiwasi: ikiwa hawa wamefika hapa, ni kitu gani kinachowazuia watoto wenye afya wasifike mbali zaidi?

Jibu alilipata katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo. Kampuni moja ilikuwa imekarabati majumba ya kupangisha huko. Wazazi walikwenda kazini asubuhi, na watoto wadogo waliobaki peke yao wakawa wanachafua kuta na ngazi. Wenye majumba walitaka mtu wa kuwatunza ili mali yao isiharibike. Ndivyo ilivyofunguliwa Nyumba ya Watoto, tarehe 6 Januari 1907. Watoto walikuwa kama 50, wengi wao wakiwa na umri kati ya miaka 3 na 6. Fedha ilikuwa haba, na aliyewekwa kuwaangalia hakuwa amesomea ualimu. Ndugu msomaji, hali hiyo si ngeni kwetu.

Daktari Montessori hakuweza kubadilisha mtaa wala mishahara ya wazazi. Alibadilisha alichokuwa nacho mkononi. Shule za wakati ule zilijivunia madawati mazito yaliyotengenezwa ili mtoto asisogee; yeye kama daktari aliona ajabu kumfunga mwanadamu kwanza, halafu kumdai akili. Aliagiza meza nyepesi ambazo watoto wenyewe wangeweza kuzihamisha, na viti vya kimo chao. Mwanzoni vifaa vilikaa ndani ya kabati lenye ufunguo, na mwalimu ndiye aliyegawa. Siku moja kabati lilikuwa wazi, na watoto wakajichagulia vifaa, kila mmoja akaanza kazi yake. Montessori hakuona wizi hapo. Aliona kwamba walijua wanachohitaji, na kabati kubwa likaondolewa, yakawekwa mengine mafupi yasiyo na mlango.

Kwetu sisi wa lugha, jambo kubwa zaidi lilikuwa herufi. Alizikata kutoka karatasi ya msasa, na mtoto alipitisha kidole juu yake huku akitamka sauti. Kisha akapewa herufi nyingine za kupanga maneno mezani. Baada ya muda, watoto wa miaka 4 na 5 walianza kuandika maneno kabla hawajaweza kusoma kitabu. Vifaa hivyo vilisaidiwa na lugha yenyewe: Kiitalia huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na ndiyo lugha waliyoisikia watoto kila siku. Kiswahili kina neema hiyo hiyo. Mtoto wetu anayezungumza Kiswahili nyumbani, kisha akakuta ubao umeandikwa Kifaransa tangu siku ya kwanza, ananyang'anywa msaada ambao wale wa San Lorenzo waliupata bure. Lugha ya darasani nayo ni sehemu ya chumba.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu nilipokuwa katika mafunzo ya ualimu, kwenye shule moja ya sekondari. Dawati la watu wawili lilikaliwa na wanne, na nafasi ya kupita katikati haikuwepo. Mwalimu mwenyeji alikuwa mtu hodari, lakini angefanya nini? Alisimama ubaoni, akasoma, wanafunzi wakanakili. Mbinu ya kufundisha ilikuwa imekwisha kuchaguliwa na madawati kabla yeye hajaingia. Siku mvua ilipopita kwenye bati, tulihamia ukumbi mtupu, tukaketi kwa mduara. Msichana aliyekuwa akikaa nyuma kabisa, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, alizungumza Kifaransa dakika nzima. Hakuwa amepata akili mpya usiku ule. Alikuwa amepata mahali pa kuonekana.

Sitaki kumfanya Mama Montessori kuwa malaika. Mtoto wake, Mario, aliyezaliwa mwaka 1898 nje ya ndoa, alilelewa na wengine kwa miaka mingi. Mussolini alipotawala Italia, Montessori alikubali serikali hiyo izisaidie shule zake. Kwa miaka kadhaa zilistawi, lakini urafiki ukavunjika, na mwaka 1934 zikafungwa. Hapo yeye mwenyewe alionja ukweli wa fundisho lake katika upande wake mchungu: utawala unaodai utii mtupu ni chumba pia, na mtoto aliyezoea kuchagua hapati nafasi ndani yake. Vita vya Hispania vikamfukuza tena Barcelona mwaka 1936. Mwaka 1939 alikwenda India pamoja na Mario, vita vikamweka huko hadi 1946, na humo akafundisha walimu zaidi ya elfu moja. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi.

Mwenye kupinga atasema kwamba chumba kizuri hakimsomeshi asiyetaka kusoma. Ni kweli. Lakini hatuwezi kujua nani hataki kabla hatujajua nani alizuiwa. Kwa hiyo naomba jambo dogo, lisilohitaji mfadhili. Siku tunapojadili matokeo, tuhesabu pia wangapi walipata kiti, wangapi walisikia sauti ya mwalimu kutoka safu ya mwisho, wangapi waliweza kununua silabasi, na ufunguo wa maktaba ulikaa mfukoni mwa nani. Hesabu hiyo ikiwekwa kando ya orodha ya waliofeli, tutazungumza na vijana wetu kwa haki zaidi, na huenda tukaanza kazi kwa kusogeza madawati.