Alan Turing na Mashine Inayofundishwa

Fikiri juu ya bibi mmoja anayeishi Mwananyamala, Dar es Salaam. Mchana wanawe wako kazini na wajukuu wako shuleni. Akisahau kumeza dawa, nani atamkumbusha? Akianguka uani, nani atajua? Siku hizi ziko mashine zinazoweza kusaidia katika mambo hayo. Ili uelewe zilivyoanza, soma maisha ya Alan Turing.

Turing alizaliwa London, Uingereza, tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali huko India. Kwa hiyo Alan na kaka yake walilelewa kwa muda mrefu na watu wengine, mbali na wazazi wao. Alipenda sana hesabu na sayansi. Mwaka 1931 alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka 1936, kabla ya kompyuta za leo kutengenezwa, Turing alieleza kwa maandishi mashine ya kufikirika. Mashine hiyo ingesoma alama zilizo kwenye utepe, moja baada ya nyingine, ikifuata maagizo. Alionyesha kuwa mashine moja, ikibadilishiwa maagizo, inaweza kufanya kazi nyingi mbalimbali. Ndiyo maana simu moja ya leo hupiga hesabu, huonyesha picha na hutaja saa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Turing na wenzake walitumia mashine kufumbua maandishi ya siri ya jeshi la Ujerumani. Kazi hiyo ilifichwa, na watu wengi hawakuijua mpaka miaka ya 1970.

Mwaka 1950 Turing aliandika makala iliyouliza kama mashine zinaweza kufikiri. Alipendekeza itengenezwe mashine iliyo kama mtoto, kisha ifundishwe. Alifariki tarehe 7 Juni 1954, akiwa na umri wa miaka 41.

Wazo lake halikufa. Leo kompyuta nyingi hufundishwa kwa mifano, na uwezo wao huo huitwa akili mnemba. Kwa mfano, kipo chombo kinachovaliwa mkononi kama saa, ambacho hupima mwendo wa mkono. Kwa kuwa kimefundishwa tofauti ya kutembea, kuketi na kuanguka, kinaweza kutambua kuwa mzee ameanguka, kikawapigia simu jamaa zake.

Lakini mashine hujua yale iliyofundishwa. Iliyofundishwa kwa sauti za Waingereza tu haitamwelewa bibi yetu akiomba msaada kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo, watu wa Tanzania, Kenya na Kongo wamejitolea kurekodi sauti zao ili kompyuta zijifunze Kiswahili. Sauti za wazee zinahitajika pia, maana sauti ya mzee si sawa na ya kijana.

Tena, mashine huweza kukosea. Hata ikipiga simu sawasawa, haiwezi kumwinua aliyeanguka wala kumfikisha Hospitali ya Mwananyamala. Kazi hiyo ni ya watu. Basi urudipo kutoka shuleni, mwamkie bibi yako, kisha umwulize kama amemeza dawa.

Maswali
1. Turing alipendekeza mashine ipate akili kwa njia gani?
2. Chombo cha mkononi hutambuaje kuwa mzee ameanguka?
3. Taja kazi mbili za kumtunza mzee ambazo mashine haiwezi kuzifanya badala yako.