Padre wa Barbiana na Kalamu ya Mtoto wa Mkulima

Tuzungumzapo habari za masomo ya uraia katika shule za kati, fikira za wengi wetu huelekea kwenye mambo ya kukariri: majina ya vyeo, vifungu vya katiba, haki na wajibu. Hayo yote yafaa. Lakini je, mtoto aliyekwisha kuzikariri haki zake, naye hawezi kuandika barua moja ya kueleza shida ya kijiji chake ikaeleweka, amepata faida gani? Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeshughulika na swali hilo hadi kufa kwake. Mtu huyo ni Padre Lorenzo Milani wa Italia.

Milani alizaliwa mjini Florence tarehe 27 Mei, 1923, katika ukoo wa matajiri na wasomi. Ujanani alijifunza uchoraji. Kisha, mwaka 1943, akaingia seminari, jambo ambalo jamaa zake, wasiokuwa watu wa dini, hawakulitazamia. Alipata upadre mwaka 1947, akapelekwa San Donato huko Calenzano, karibu na mji wa Prato wenye viwanda vya nguo. Hapo alifungua shule ya jioni kwa vijana wafanyakazi na wakulima. Hata msalaba aliutoa katika chumba cha masomo, ili asiwepo kijana wa kudhani kwamba shule ile haikuwa yake. Huko ndiko alikotambua kuwa maskini hupungukiwa na maneno kama apungukiwavyo na fedha, na kwamba asiye na maneno hushindwa mbele ya tajiri wake kabla mapatano hayajaanza.

Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa na mwenendo wake. Mwishoni mwa mwaka 1954 walimhamishia Barbiana, parokia ndogo juu ya mlima, isiyokuwa na barabara wala umeme. Wengi waliona kwamba ametupwa huko ili asahauliwe. Yeye akafungua shule nyingine. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wakulima na wachungaji, na wengi wao walikwisha kuangushwa katika shule za serikali. Walisoma kutwa, mwaka mzima, pasipo likizo, na kila siku walisoma gazeti pamoja. Padre alikuwa mkali, wala hakuvumilia uvivu.

Serikali ya Italia iliingiza elimu ya uraia mashuleni mwaka 1958, na kwa sheria ya tarehe 31 Desemba, 1962, ikaweka shule ya kati ya namna moja kwa watoto wote. Sheria ilifungua mlango. Hata hivyo watoto wa wakulima waliendelea kurudia madarasa na kuacha masomo. Moja ya vikwazo vyao ilikuwa ni insha. Mtoto aliyekulia katika nyumba yenye vitabu alikuwa na lugha ya kumpendeza mwalimu. Mwenzake wa mlimani alihesabiwa kuwa mjinga.

Mwaka 1963 mwalimu mmoja, Mario Lodi, aliyefundisha katika kijiji cha Vho karibu na Piadena, alifika Barbiana, na wanafunzi wa shule hizo mbili wakaandikiana barua. Katika kazi hiyo Milani na vijana wake walitengeneza njia ya kuandika kwa pamoja. Kwanza sharti pawepo jambo la maana la kusema, na ijulikane ni nani anayeambiwa. Kila mmoja huandika mawazo yake katika vikaratasi, wazo moja kwa kila karatasi. Siku ikifika, vikaratasi hutandazwa mezani. Vinavyofanana huondolewa, vinavyohusiana huwekwa fungu moja, na mafungu hupangwa kwa taratibu ya hoja. Kisha huja mkasi na gundi. Watoto hushindana kutafuta neno lisilo na kazi, sentensi ndefu mno, na neno gumu ambalo hawalitumii katika mazungumzo yao. Mwisho huitwa watu wa nje, hasa wasiosoma sana, wakasomewa; wasipoelewa, kosa ni la waandishi.

Njia hiyo ilitumika katika mambo mazito. Mwaka 1965 mapadre wa jeshi wa Toscana waliwalaumu vijana waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao. Milani na wanafunzi wake waliichungua historia ya vita vya Italia pamoja na katiba ya nchi, naye akatoa barua ya wazi ya kuwajibu. Alishitakiwa. Mahakama ya Roma ilimwachilia mwaka 1966, serikali ikakata rufani, na hukumu ya kuilaumu barua ile ilipotolewa Oktoba 1967, mwandishi wake alikuwa kaburini. Saratani ilimwua tarehe 26 Juni, 1967, akiwa na umri wa miaka 44. Mwezi mmoja kabla, vijana wanane wa Barbiana walikuwa wametoa kitabu kwa njia ile ile ya vikaratasi. Kilikuwa barua kwa mwalimu wa kike, kikionyesha kwa hesabu jinsi shule inavyowapoteza watoto wa maskini. Kilisomwa kote Italia, kikafasiriwa katika lugha nyingi.

Huenda mwalimu mwenye darasa kubwa akasema kwamba Barbiana ilikuwa na watoto wachache, na padre asiyekuwa na shughuli nyingine. Ni kweli, wala hatupendi kumtwika mwalimu mzigo usiobebeka. Lakini vikaratasi, mkasi na gundi si ghali, na darasa kubwa laweza kugawanywa katika meza kadhaa. Barua moja ya kweli katika muhula, kuhusu kisima kilichoharibika au njia isiyopitika, ikipelekwa kwa mwenye madaraka hasa, itamfundisha mtoto uraia kuliko kurasa nyingi za kunakili.

Nasi wazazi na wafanyakazi tunayo sehemu yetu. Njia ya Barbiana ilihitaji msikilizaji asiyesoma sana, awe mwamuzi wa maandishi. Basi mtoto arudipo nyumbani, tumtake atusomee alichokiandika. Tusipokielewa tusione haya kumwambia, naye arudi mezani akiandike upya.